Mamake Bodori

Bodori alinichukua kwenye mchezo wake kwa sababu ya ugomvi. Nilikuwa nikiuza mbaazi na mahamri langoni mwa kiwanda cha sukari, Ramisi, na asubuhi ile nilikuwa nikimpa Kaingu, mfanyakazi mmoja wa kiwanda, vidonge vyake kwa kuwa alikalia kapu langu. Mzungu mgawa vifaa akatoka stoo, akasikiliza matusi yote hadi mwisho. Kisha akasema, "Wewe, Mishi, utakuwa mjane."

Mume wangu alikuwa hai, tena mzima wa afya. Nusura nimrushie upawa kabla hajaeleza kwamba ni mjane wa mchezo.

Jina lake lilikuwa Ferenc Bodor. Sisi tulimwita Bodori. Kwao Hungaria alikuwa mwongozaji wa michezo ya kuigiza, mtu wa kumbi kubwa, hadi mchezo wake ulipopigwa marufuku na vifaru vya jeshi vikaingia mjini. Akakimbia kwa miguu mpaka mpakani. Dunia ikamtupa kwetu, akawa mtu wa kugawa misumari na mikanda ya mashine.

Sasa Uhuru ulikuwa unakuja Desemba. Mwenyekiti wa kamati ya sherehe alimwahidi kwamba mchezo ukifana, atapewa kazi ya kufundisha michezo ya kuigiza Kwale nzima. Bodori alitwambia hilo siku ya kwanza, wala hakuficha hofu yake. "Nina miaka hamsini na tatu," akasema. "Sitapata nafasi nyingine."

Mchezo ulikuwa wa mkata miwa anayekufa kabla bendera haijapandishwa. Shida ikawa maiti. Wanaume walikataa katakata kulala wafunikwe shuka. Kaingu, ambaye vingine vyote huvichezea, akasema mauti hayachezewi. Basi Bodori akalala mwenyewe. Amri yake ilikuwa moja: litokee lolote, mchezo usisimame, na maiti hasemi.

Kwenye mazoezi nilikuwa nikigunaguna tu. Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi madirishani, mwenyekiti na mkewe wakiwa mbele. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikafungua kinywa, na kilio cha kwetu kikaja chenyewe. Sasa kwetu Wadigo, mtu ni wa kwa mamake, na maiti ukimlilia unamwita mamake aje amwone mwanawe. Nikafika hapo nikakwama. Mkata miwa wa mchezo hakuandikiwa mama. Niliyemwona mbele yangu ni Bodori, miguu imetokeza nje ya shuka, soksi imetoboka kidoleni. Miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza. Nikaona haya, haya ya kweli.

Watu wakangoja. Nikainama.

"Bodori, mamako ni nani?"

Nikauliza tena kwa sauti, nami sauti ninayo. Mwenyekiti akamgeukia mkewe.

"Etelka," akasema maiti.

Watoto wakacheka, mama zao wakawafinya. Nikamlilia Etelka: njoo, Etelka, mwanao amelala ugenini, hana wa kumfunga kidevu, hana wa kumfumba macho. Wanawake wa ukumbini wakaitikia kama tuitikiavyo msibani. Shuka ikawa inatikisika. Maiti alikuwa analia.

Nyuma ya pazia nikamwomba radhi, maana nilijua nimemharibia.

"Mama alikufa Machi," akasema. "Barua ilinifikia Juni."

"Na hukutwambia?"

"Ningemwambia nani, Mishi?"

Nikafungua leso yangu, nikampa afute uso.

Mwenyekiti alisema maiti anayesema ni kichekesho, na habari ya kazi ikaishia hapo. Siku ya pili Bodori alikuwa stoo, anagawa misumari. Alasiri tukaenda kwake, wanawake tisa na mikeka yetu, kumkalia matanga yaliyochelewa. Nyumba nzima ilikuwa na kiti kimoja, sahani moja, kikombe kimoja.

"Makiwa," nikamwambia, pole yetu ya msibani.

Akadhani ni salamu, akanipa mkono.

"Hujibiwa 'yamepita'," nikamfundisha polepole, kama alivyonifundisha yeye maneno ya mchezo. "Haya, sema."

Akajaribu. Likamshinda, akajaribu tena.

"Hayajapita," akasema.

Nikatandika mkeka, nikaketi karibu naye.