Mlango Uliokataa Bango

Bango la kwanza lilishika vizuri. Mtengeneza mabango alilibandika kwenye mlango wa kulia wa gari, akalipigapiga kwa kiganja, akarudi nyuma kulitazama. Lilikuwa na picha ya keki ya ghorofa tatu, namba ya simu, na maneno yaliyosema kwamba keki za sherehe hufikishwa mpaka mlangoni. Lilikuwa bango la sumaku, la kubandika asubuhi na kubandua jioni, na mwenye gari alikuwa amelisubiri kwa hamu. Mtaani kwao walimwita Mama Keki. Hakuwa na mtoto, na hilo halikumsumbua mtu. Jina lilikuwa la keki.

Wakazunguka upande wa kushoto. Bango la pili likakaa kidogo, likateleza polepole mpaka ukingo wa mlango, likaanguka vumbini. Mtengeneza mabango akaliokota, akaufuta mlango kwa kitambaa, akabandika tena. Likaanguka tena. Mama Keki akamwambia kwa upole kwamba huenda hilo la pili lina kasoro. Yule bwana hakubisha. Alilipeleka kwenye geti la chuma la duka lake, likang'ang'ania mpaka akalibandua kwa kucha. Kisha akachuchumaa, akaugonga mlango wa kushoto kwa kifundo cha kidole. Juu, karibu na kioo, ulilia kama bati. Katikati na chini ulitoa mlio mzito, kama mtu anayegonga meza.

"Mama, hapa sumaku haina cha kushika," alisema. "Bati liko ndani huko. Hii ni puti. Gari hili liligongwa, likazibwa."

Puti Mama Keki aliijua: ule udongo mgumu ambao mafundi hupaka kwenye mabonde ya bati, wakapiga msasa, wakapaka rangi juu yake. Akamwambia yule bwana kwamba haiwezekani. Gari alilinunua mwenyewe likiwa halina hata mkwaruzo, na tangu alinunue halijawahi kugongwa. Alisema hivyo kwa uhakika, na hata kabla hajamaliza kusema akawa anaukumbuka usukani.

Kwa muda wa mwaka hivi gari lile lilikuwa likimvuta kushoto. Akilegeza mikono kidogo tu, lenyewe linaelekea ukingoni mwa barabara, kama ng'ombe aliyeona majani. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa likilika upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia, huku yale mengine yakiwa mazima. Mvua ikinyesha, maji yalijaa chini ya miguu ya abiria wa mbele, na asubuhi gari linanuka kama kitambaa cha deki kilichosahaulika kwenye ndoo. Taa ya mbele ya upande huohuo ilikuwa na ukungu ndani. Na akiendesha kwa kasi, upepo ulipiga mluzi mlangoni.

Yote hayo aliyasema. Alimwambia mume wake, ambaye alikuwa msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi na aliyajua magari kuliko yeye. Mume alisema ni mashimo. Kwamba yeye huyaingia mashimo bila huruma, halafu anashangaa tairi linaisha. Alimwambia fundi wao, rafiki wa mume wake tangu ujana, ambaye kila swali alilijibu kwa "taratibu" mpaka watu wakamwita Fundi Taratibu. Fundi alikaza hiki, akajaza upepo kile, akanyoosha magurudumu, akamrudishia ufunguo na kumshauri ashike usukani kwa utulivu. Alimwambia pia mdogo wake, msichana aliyemlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake na chumba chake. Mdogo wake alicheka.

"Dada, wewe unaendesha kama unakanda unga," alisema. "Lazima gari lichoke."

Maneno hayo yakashika kuliko sumaku yoyote. Yakawa utani wa nyumbani. Mume akiulizwa na wageni mke wake yuko wapi, alisema ameenda kukanda barabara. Mama Keki mwenyewe alicheka, kwa sababu yalichekesha, na kwa sababu aliyaamini. Akaanza kuendesha kwa kujichunga, mabega yamepanda mpaka masikioni. Mwishowe akaacha kabisa barabara kuu. Kulikuwa na ukumbi wa sherehe katika mji wa jirani uliokuwa ukimwagiza keki kila mwisho wa wiki, na huyo ndiye mteja aliyemfanya athubutu kuacha ajira. Aliwaambia watafute mtu mwingine. Alisema safari zimemshinda. Kazi za karibu, mume wake akipata nafasi, alimwendeshea, akihema kidogo wakati wa kupokea ufunguo, naye akimshukuru.

Bango la pili akaliweka kiti cha nyuma. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Taratibu.

Gereji ilikuwa uwanja wenye paa la mabati upande mmoja, na injini moja ilining'inia kwenye mnyororo juu ya sakafu iliyolowa oili. Fundi alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga. Alimwona, akatabasamu, akamkaribisha shemeji yake kwenye kiti cha gari kilichokuwa kimewekwa ukutani kama sofa. Mama Keki hakukaa. Alimweleza habari ya bango. Fundi akasema sumaku za siku hizi ni hafifu. Akasema kiwandani wakati mwingine hupaka rangi nene. Akasema tena kuhusu mashimo. Mama Keki akamsikiliza mpaka akaishiwa, kisha akamwambia kwamba kuna gereji nyingine ng'ambo ya barabara, na kwamba analipeleka gari huko sasa hivi likwanguliwe mpaka bati lionekane.

Fundi aliacha kunawa. Povu lilibaki mikononi mwake.

"Shemeji, usilipeleke huko," alisema. "Watakuambia mimi ndiye niliyeziba."

Akakaa yeye kwenye kile kiti. Akamweleza akiwa anaitazama sakafu. Ilitokea mwaka uliopita, wakati Mama Keki alipokwenda kumuuguza shangazi yake aliyepasuliwa. Mume wake alikuwa akimfundisha shemeji yake, yule mdogo wake Mama Keki, kuendesha, kwa gari hilohilo, kwenye uwanja mmoja wenye nguzo za zege. Yule msichana alikata kona mapema, akakanyaga mafuta badala ya breki, na ubavu wote wa kushoto ukasagwa na nguzo, kuanzia gurudumu la mbele mpaka mlango. Gari lililetwa hapo likivutwa. Mume wake aliomba liwe tayari kabla mwenye gari hajarudi. Kwa hiyo bodi iligongwagongwa harakaharaka, mabonde yakazibwa, rangi ikapakwa, na mpira wa zamani wa mlango ukarudishwa ukiwa umekunjika. Ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu ulikuwa umepinda. Ulipaswa kutupwa. Ulinyooshwa kwa moto na nyundo, ukafungwa tena.

Mama Keki aliuliza kama mkono uliopinda ungeweza kukatika njiani.

"Barabara mbovu, mwendo mkali, ndiyo," alisema Fundi. "Nilimwambia tuubadilishe. Akasema mwezi ujao. Kila ulipokuja kulalamika nilimpigia simu, na kila mara akasema mwezi ujao."

"Na mimi ukaniambia nishike usukani kwa utulivu."

Fundi akajifuta povu kwenye suruali. Hata lile neno lake halikuja.

Njiani kuelekea nyumbani hakuufikiria mlango. Aliufikiria mkono wa mdogo wake. Aliporudi kutoka kwa shangazi alimkuta msichana amefungwa plasta kwenye kifundo cha mkono, na akaambiwa ameteleza bafuni. Basi akamhamishia kwake. Muda wote wa plasta alimwogesha, akamsuka nywele, akamkatia nyama vipande vidogo kama mtoto. Alinunua zulia la mpira na kwenda kulitandika kwenye bafu la kule alikopanga, akiwa amepiga magoti, akikemea vigae. Na mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, akamwambia asante dada.

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo mdogo wake huja kusaidia kupamba keki. Aliwakuta wote wawili jikoni. Mume alikuwa anakula chakula cha mchana mezani, na msichana, amevaa aproni ya dada yake, alikuwa akifinyanga maua ya sukari na kuyapanga kwenye sinia. Redio ilikuwa ikiongea. Mama Keki aliizima. Akaweka ufunguo wa gari mezani, katikati yao.

"Mkono wako uliuvunjia wapi?" alimuuliza mdogo wake.

Msichana hakumtazama dada yake. Alimtazama shemeji yake. Alikuwa anamuuliza kwa macho tuseme nini, na shemeji yake alikuwa anatafuta jibu. Mama Keki alisimama pale akawaona wakishauriana kimya mbele yake, kama watu wawili wenye lugha yao, na hapo ndipo alipoumia. Mpaka wakati huo alikuwa na hasira tu.

Mume ndiye aliyeanza. Alisema walitaka kumwepushia mawazo, maana tayari alikuwa na mgonjwa. Alisema ilikuwa ajali ndogo, na walikusudia kumwambia mambo yakitulia, na yalipotulia ikawa aibu kuyaanzisha upya. Alisema hajui kwa nini jambo la bati linafanywa kuwa kubwa hivyo. Mke wake akamuuliza kama alijua gurudumu lingeweza kung'oka. Akasema mafundi hupenda kutia watu hofu ili wauze vipuri. Mke akamuuliza tena kama ndiyo sababu siku zote yeye mwenyewe aliendesha gari hilo polepole, mkono mmoja ukiwa umeshika breki ya mkono. Mume akasukuma sahani pembeni.

Msichana alikuwa analia. Alisema aliogopa. Alisema gari lilikuwa kitu cha kwanza ambacho dada yake alijinunulia baada ya kumsomesha yeye, na hakuweza kumtazama usoni na kumwambia amelisaga kwenye nguzo.

"Hilo ningelisamehe palepale," Mama Keki alisema. "Ningelia kidogo, kisha ningekuuliza umeumia wapi. Lakini ulijua gari lina nini, ukaniambia ninakanda unga. Ukaniona naacha kazi yangu kwa sababu ya maneno yako, ukaendelea kucheka."

"Na wewe ulikuwa unacheka, dada," alisema msichana kwa sauti ndogo. "Ukicheka nilikuwa naona kama yameisha."

Mama Keki alichukua ufunguo, akatoka, akakaa ndani ya gari uani, madirisha yamefungwa, katikati ya ile harufu ya ukungu, na akalia kwa kwikwi mpaka akamwona mume wake kwenye dirisha la jikoni akiosha vyombo. Mwanamume huyo hakuwa mtu wa kuosha vyombo. Hilo nalo likamkasirisha.

Gari alilipeleka kwenye gereji asikojulikana na mtu. Aliomba akae hapohapo wakati wa kazi, wakampa stuli. Aliona puti ikitoka bamba kwa bamba, kama ganda la yai lililochemshwa, na chini yake bati limekunjamana na lina kutu. Walipata mlango mwingine mzima wa gari la aina hiyo, wakaufunga na mpira mpya. Walibadilisha mkono wa gurudumu, na ule wa zamani wakampa auone: ulikuwa na ufa mwembamba pale ulipochomwa moto. Akaomba autie kwenye mfuko, kisha akabadili mawazo, akawaachia wautupe. Hakutaka kuwa na kitu cha kuwaonyesha watu.

Siku ya kulichukua alilipeleka kwenye barabara iliyonyooka isiyo na magari, akalegeza mikono. Gari lilikwenda mbele. Lilikwenda tu mbele, kimya, bila mluzi, na yeye hakufurahi kama alivyotarajia. Kumbe alikuwa dereva mzuri. Alikuwa dereva mzuri muda wote.

Wiki hiyohiyo aliendesha mpaka mji wa jirani, kwenye ule ukumbi. Meneja alimpokea vizuri, akamkumbuka, akaonja keki aliyokwenda nayo, akasema hajasahau ladha hiyo. Lakini walikuwa wamepata mtu mwingine, kijana mwenye bidii, hawana sababu ya kumwacha. Alimwahidi kumtafuta ikitokea nafasi. Mama Keki akamshukuru, akarudi. Mume wake alimuuliza gari limekwendaje. Akasema limenyooka. Mume akangoja aongeze neno, na yeye akaenda kubadili nguo.

Waliendelea kuishi pamoja. Mume alijifunza kuuliza kabla ya kuchukua ufunguo, na mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Mdogo wake alikaa muda mrefu bila kuja, kisha akapiga simu, akaomba msamaha kwa maneno ambayo ilisikika wazi ameyaandaa. Mama Keki akamwambia aje, kazi ni nyingi, harusi mbili zimegongana. Akaja. Wakafanya kazi mchana kutwa, mmoja akikoroga, mwingine akipaka sukari, wakizungumza habari za shangazi na za bei ya siagi, na kwa vipindi virefu ilikuwa kama zamani.

Jioni msichana alivua aproni, akaitundika, akamuaga dada yake aliyekuwa barazani akipanga mayai kwenye trei. Alisema kila kitu kiko sawa na oveni ameizima.

"Haya, mdogo wangu. Fika salama," Mama Keki alisema.

Alimsindikiza kwa macho mpaka getini. Akamaliza kupanga mayai. Kisha akainuka, akaenda jikoni kuangalia. Oveni ilikuwa imezimwa.