Taja Haja Yako

Kanisa lile lilikuwa na desturi moja ambayo mchungaji aliikuta, akaipenda, na kuilinda kama mboni ya jicho. Baada ya mahubiri, mwenye shida alikwenda mbele, akapiga magoti kwenye ngazi ya madhabahu, na kabla ya kuwekewa mkono kichwani aliulizwa: haja yako ni nini? Akaitaja mwenyewe, kwa sauti, kanisa zima likisikia. Kunong'onezana hakukuwapo. Wageni waliona huko ni kuaibishana, lakini mchungaji alisema kwamba mtu akishindwa kuitaja haja yake mbele ya ndugu zake, huenda haja yenyewe ina walakini. Ugomvi na wakwe, ulevi, mtoto aliyetoroka nyumbani, yote yalisemwa pale, na watu wakatoka nje wakasalimiana kama kawaida. Si kwamba hawakusengenyana. Walisengenyana sana, ila walijua pia kwamba nao zamu yao itafika.

Desturi hiyo ndiyo iliyowashinda wanasiasa. Kila msimu wa uchaguzi walikuja, wakakaa mstari wa mbele, wakaomba dakika moja tu ya kuwasalimia waumini, na nani asiyejua dakika ya mwanasiasa ilivyo ndefu? Mchungaji aliwajibu kwa adabu kwamba salamu ni mlangoni, baada ya ibada. Anayetaka kuombewa, ngazi ile pale, apige magoti na ataje haja. Wengi wao walikumbuka ghafla kwamba wana safari. Yeye si mtu wa siasa, mchungaji alipenda kusema, na kimoyomoyo alijivunia jambo hilo kuliko alivyowahi kukiri katika sala zake.

Sasa alikuwa amebakiza Jumapili moja tu astaafu, na mwanasiasa aliyetaka kuja mbele alikuwa mwanawe wa kumzaa.

Alikuwa mtoto pekee wa mchungaji na mkewe, diwani wa eneo hilo, anayegombea tena. Alikuja nyumbani kwa wazazi katikati ya wiki, akakuta sebule imejaa maboksi, vitabu vimeshuka kutoka rafuni na mapazia yameshavuliwa. Nyumba ilikuwa ya kanisa, na mchungaji mpya alikuwa njiani. Wazee wangehamia vyumba viwili ambavyo diwani aliwajengea nyuma ya nyumba yake, vyenye choo cha ndani na mlango usio na ngazi, kwa sababu ya magoti ya mama. Diwani alieleza kwamba fundi alikuwa anamalizia rangi. Halafu akasema alichokuja kusema: Jumapili atapiga magoti, hatahutubia, hataomba kusalimia mtu. Ila lile swali baba asimuulize. Amwekee tu mkono, aseme tumwombee mtumishi wetu, basi. Mpiga picha atakuwepo, lakini atakaa pembeni.

Hakutishia kitu. Afadhali angetishia, maana mchungaji alijua namna ya kumjibu mtu anayetishia. Mwanawe alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akabeba boksi zito la vitabu hadi garini, akaenda zake.

"Ni mkono tu, baba," alisema mama mchungaji walipobaki wawili. "Umewawekea hata wezi."

"Wezi walitaja haja zao."

Mama mchungaji alikunja shuka pole pole, akalikunja tena, ingawa lilikuwa limeshakunjika vizuri. Kisha akauliza, bila hasira, wakikosana na mtoto wao watakwenda kuishi wapi. Mchungaji alikuwa mzee, amechoka, na alivitamani vile vyumba vyenye mlango usio na ngazi kama mtoto anavyotamani nguo mpya.

Lakini kulikuwa na mabanda. Kabla ya mvua zilizopita, baraza la madiwani liliamua mabanda ya kina mama wanaouza mboga kando ya barabara yabomolewe, barabara ipanuliwe, na mwanawe alikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono kukubali. Kina mama waliahidiwa wangeonyeshwa mahali pengine. Hawakuonyeshwa. Wengi wao walikuwa waumini wake, na walipomwendea aliwapa chai, akaomba nao, akawaambia kanisa haliingilii siasa. Siku ile maneno hayo yalimtoka kwa urahisi sana. Wiki hii ya mwisho yalikuwa yamemkaa kooni, na kila alipojaribu kuandika mahubiri ya kuaga alijiuliza kama angesema hivyohivyo iwapo aliyenyoosha mkono angekuwa mtoto wa mtu mwingine.

Jumapili kanisa lilifurika hadi watu wakasimama nje madirishani. Mchungaji alihubiri kwa ufupi, jambo lililowashangaza wengi na kuwafurahisha wachache ambao sitawataja. Kisha akawaita wenye haja.

Wa kwanza alikuwa muuza nyanya, mwanamke mnene wa makamo, mjane, ambaye tangu mabanda yabomolewe alikuwa akija kwenye ngazi ile karibu kila Jumapili. Aliulizwa. "Ni ileile, mchungaji," alisema. "Mahali pa kuuzia." Watu hawakushangaa tena. Mchungaji alimwombea, na kabla mama huyo hajainuka, diwani alitoka mstari wa mbele akiwa na suti yake nyeusi, akapiga magoti kando yake. Mpiga picha akasogea, na wala hakukaa pembeni.

Mchungaji alimtazama mwanawe kutoka juu, akaona utosi umeanza kupata upara kama wake. Alimpenda mno. Mkono ukainuka wenyewe. Alijua akiuweka, kesho picha hiyo itabandikwa kwenye kila nguzo, na kina mama watapita chini yake wakiwa na vikapu vyao vichwani. Akajua pia kwamba asipouweka, leo jioni atakuwa na la kumweleza mkewe.

"Haja yako ni nini?" aliuliza.

Diwani aliinua macho, macho ya mtu aliyevunjiwa ahadi, ingawa baba yake hakuwa ameahidi kitu. Lakini alikuwa amezoea majukwaa, na neno halikumpotea. "Naomba kibali cha Mungu," alisema, "nizidi kuwatumikia watu hawa."

Wachache wakapiga makofi. Haja ilikuwa imetajwa, na kwa desturi ya pale haja iliyotajwa huombewa. Mchungaji akaushusha mkono wake, akauweka ndani ya mkono wa pili.

"Mama," alimwambia muuza nyanya, "umeisikia haja yake. Mwekee wewe mkono."

Mama yule alisitasita. Alifuta kiganja kwenye gauni lake, akainuka kwa shida, akakiweka kile kiganja kipana juu ya kichwa cha diwani.

"Mungu," alisema, "huyu ni mtoto wetu. Amekulia humu humu, tumemfuta kamasi. Amesema anataka kututumikia. Sisi tupo, hatujaenda popote. Muonyeshe tulipo."

Mpiga picha alikuwa ameishusha kamera yake. Mchungaji alishuka ngazi, akashika nguzo, akapiga magoti upande wa pili wa mwanawe. Wazee wa kanisa walitazamana. Jambo hilo halikuwa kwenye ratiba. Muuza nyanya naye alishangaa, lakini alikuwa anaijua desturi kuliko wote.

"Na wewe, baba mchungaji? Haja yako ni nini?"

Miaka yote aliwauliza wengine swali hilo. Hakujua kwamba lina uzito kiasi hicho.

"Naogopa," alisema, na sauti yake ikafika hadi madirishani. "Naogopa kumpoteza mwanangu. Walipobomoa mabanda yenu niliogopa hivyohivyo, nikawaambia kanisa haliingilii siasa. Haikuwa imani ile. Ilikuwa hofu. Naomba Mungu aniondolee kabla sijaivua kanzu hii."

"Baba, inuka," diwani alinong'ona. "Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie."

Muuza nyanya hakuuondoa mkono wake kwa diwani. Aliunyoosha wa pili kwa baba yake na kuanza kuomba upya. Mama mchungaji alikuwa analia kwenye benchi lake bila kujificha. Diwani alitazama mlango, akamtazama mpiga picha, kisha akainamisha kichwa. Bega lake lilikuwa limegusana na la baba yake, na hakuliondoa.