Kikapu cha Mkono wa Pili

Immaculata aliviweka vikapu vyake viwili ubavu kwa ubavu, akavitazama, akaguna. Mwisho wa mwezi mjukuu wake Aline anapelekwa kwa wakwe, na pale Litapunga binti wa ukoo wao hapelekwi na kikapu kimoja. Ni viwili, na mistari yake myeusi lazima iinamiane kama paa la nyumba. Hivi vyake vilikuwa vimeinama upande mmoja, kama watu wawili wanaokimbia mvua.

"Si ukipindue kimoja tu, Bibi?" Aline alisema. "Kitako kiwe juu."

"Haya, fundi. Pindua."

Aline akapindua. Mstari ukabaki umeinama vilevile.

"Kitendawili," Bibi akasema. "Nimemsimamisha kwa kichwa, bado anainamia kulekule."

"Nakupa mji. Chukua Mpanda yote, na soko lake."

"Kikapu cha mtu wa mkono wa kulia."

Aline akacheka. Bibi yake hakucheka.

Zamani cha pili kilisukwa na dada yake, Specioza, ambaye alikuwa mashoto. Immaculata anazungusha ukindu huku, Specioza anazungusha kule, na vikapu vinatoka kama uso na kioo. Specioza walimzika masika yaliyopita. Mashoto mwingine wa nyumba hiyo alikuwa Emelyne, mama yake Aline. Alikuwa, maana alipokuwa mdogo Immaculata aliufunga mkono wake wa kushoto kwa kipande cha khanga kila mlo, mpaka mtoto akauzoea wa kulia. Watu wangesemaje, binti anawapa wakubwa chakula kwa kushoto! Specioza alimwambia, "Mwache, dada, atakuja kunirithi." Hakumwacha.

Emelyne aliporudi kutoka shambani akaelezwa habari ya vikapu. Alinawa, akaketi, akashika sindano kwa kushoto.

Siku zilizofuata kila jioni alisuka kikapu kipya, ukindu ukilegea, mstari ukiyumba kama mlevi. Lakini ulipanda upande unaotakiwa. Kikapu kilipofika mdomoni akakisukuma kando.

"Mama, hii ni aibu. Nifumue, nisuke kwa kulia, vyote viwe safi."

"Vitakuwa safi, na vitakimbizana."

Immaculata akauchukua mkono ule wa kushoto, akaufungua kiganja. Ulikuwa laini kuliko wa kulia, kama wa mtu asiyelima. Akaushikilia kwa muda, asijue pa kuuweka.

"Usifumue, mwanangu."

"Wakwe watauliza nani kasuka kitu kilicholegea namna hii."

"Waambie ni mama yako."

"Wewe?" Emelyne akacheka kidogo, macho yakiwa chini. "Kazi yako inajulikana mpaka Sitalike. Hawataamini."

"Basi nitakwenda mwenyewe," Immaculata akasema, "niwaeleze nilivyokilegeza kwa kipande cha khanga."