Visogo vya Harusi ya Nkowe

Huzaifa alifunga kitambaa cheupe kwa kamba kati ya mikorosho miwili, akaweka benchi mbele yake, akawasha jenereta la printa. Alitoka Nachingwea kwa bodaboda, printa kaipakata njia nzima, imeviringishwa kitenge kama mtoto mwenye homa. Kazi yake harusini ilikuwa wageni: mtu anakaa, anapigwa, anaondoka na picha yake kabla pilau haijapoa.

Wa kwanza kukaa alikuwa Mzee Imrani, baba mdogo wa bibi harusi na mwenye shughuli. Aliikazia kamera macho. Printa ikatoa mgongo wake: kisogo, kofia, koti la kijivu, na jani la mkorosho lililonasa begani.

Huzaifa akampiga tena. Ukatoka mgongo tena.

"Koti limekaa vizuri," alisema Mzee Imrani, akaenda kusimamia nyama.

Wengine wakafuata, wakatoka visogo. Bibie alilalamika kwamba hereni zake hazionekani. Mohamedi aliuliza kama nywele zinampungua pale nyuma au ni mwanga tu. Aliyetoka uso ni Mwalimu Doris, aliyehamishiwa Nkowe mwaka huu kutoka Bukoba. Aliona haya.

"Kaka, naomba urudie. Mbona mimi niko tofauti na wenzangu?"

Huzaifa alirudia. Ukatoka uso uleule.

Sababu ilijulikana, ila haikuwa ya kuzungumza harusini. Mwaka uliopita, matanga ya Bwanali yalipoanuliwa, ukoo na majirani walikaa kikao kwenye uwanja huohuo. Mzee Imrani akasema shamba la marehemu kaka yake ni la ukoo, mikorosho na yote. Mwantumu, mjane, akasema mikorosho ile aliipanda kwa mkono wake, na hao waliokaa ndio waliomwona akiimwagilia. Pakaulizwa nani ana neno. Kwa desturi ya Nkowe, asiye na neno amekubali. Watu wakatazama chini, kikao kikafungwa kwa makofi. Ilikuwa dhuluma, na hakuna aliyekuwa mgeni nayo. Husemwa kimya kingi kina mshindo. Kile hakikuwa nao.

Mwantumu alifika mchana, akitokea Mandawa, kwa dada yake anakoishi siku hizi. Alikaa kwenye benchi na khanga yake mpya. Uso wake ulitoka mzima, pamoja na alama ya shavuni alipounguzwa zamani na mafuta ya ganda la korosho. Hakuutazama sana.

"Sasa nataka moja na mwanangu," alisema.

Huzaifa aliangalia jenereta. "Mama, mafuta yanakaribia kwisha."

"Ya picha moja hayawezi kukosekana, baba."

Raudha akaletwa na wapambe, amevaa shela. Siku ya kikao yeye ndiye aliyeulizwa kwanza: je, baba yake aliwahi kusema mikorosho ni ya mama? Bwanali alikuwa akilisema hilo kila msimu. Raudha alijibu kwamba hakumbuki. Harusi hii baba mdogo alikuwa ameshaahidi kuigharimia.

Alikaa, akamshika mama yake mkono, akaitazama kamera bila kupepesa. Watu waliacha kula. Printa ikachukua muda wake.

Mwantumu alitoka uso. Kando yake ilitoka shela kwa nyuma, na mkono wa Raudha ukiwa umeshika wa mama yake.

"Mama, nilitazama mbele," alisema Raudha. "Umeniona."

"Nimekuona, mwanangu." Mwantumu aliipuliza picha ikauke. "Shingo ya baba yako kabisa."

Akaiweka kifuani, akaenda kula.

Picha zile zimetundikwa sebuleni, moja kila nyumba. Zuleha, fundi cherehani, siku hizi anatia nakshi mgongoni, na Huzaifa anaitwa mpaka Nambambo kwenda kupiga visogo.

Msimu ulipofika, Mzee Imrani alitafuta vibarua wa kuokota korosho. Mwantumu alikuja na ndoo yake, akaanzia kwenye mkorosho uliokuwa na kipande cha kamba ya Huzaifa. Raudha, aliyeolewa nyumba ya jirani, alimletea maji, akayaweka chini karibu naye, akageuka kurudi. Mama yake akamtazama mgongo mpaka alipoingia ndani, kisha akainama, akaendelea kuokota.