Mfalme Hakosei

Ulimwona Metrine akilia nje ya mkahawa kule Karama, nchi ya Waarabu, ukageukia simu yako. Usikatae. Basi sikiliza alichokuwa akililia.

Mama yake alikuwa amefariki Bungoma, maziko ni Jumamosi, na pasipoti yake imefungiwa kwenye kabati la mwajiri pamoja na za walinzi wenzake. Yekoniya, msimamizi wao Mganda, kila siku alirudi na jibu lile lile: "Ofisi inasema ngojeni."

Walinzi wakamchagua mwenzao Justus akawasemee kwa mwajiri. Hakumaliza shule, lakini alisoma kila kitabu kilichoachwa na waliorudi makwao, na kimoja kilimwingia damuni: habari za wakulima wa Uingereza, zaidi ya karne sita zilizopita, walioandamana hadi mji mkuu wakiwalaani washauri na kumsifu mfalme.

"Mwambie tu mwajiri ukweli," alisema Judy, mlinzi mwenzao. "Ufunguo anao yeye."

"Wee Judy, mkubwa hashtakiwi usoni. Unampa mlango wa kutokea. Yeye ni mwema, walio chini yake ndio wanamficha mambo."

"Na akishatokea, nani anabaki ndani?"

Wakacheka. Justus naye akacheka.

Ofisini Al Mankhool walikaribishwa tende na kahawa. Justus akainamisha kichwa.

"Sir, wewe ni baba yetu. Ungejua shida ya Metrine ungeshamruhusu. Kuna wanaokuficha."

Arbab, kama walivyomwita mwajiri wao, akaweka mkono kifuani, uso umemlainika kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. "Nani ananificha?"

Maneno yake yote mazuri yalikuwa na pengo moja, na pengo lilitaka jina. Metrine alikuwa akimtazama.

"Yekoniya, sir."

"Khalas. Basi, yameisha."

Siku hiyo hiyo Yekoniya alifutiwa visa. Kuhusu Metrine, sir alisema ataliangalia jambo lake, inshallah.

Yekoniya alimkuta Justus kwenye ngazi. Hakufoka.

"Ssebo, bwana wangu, mimi ndiye niliyekuwa nikimwomba huyo bwana kila asubuhi kwa ajili ya huyu dada. Nilisema 'ofisi' ili msije mkamvamia mkafukuzwa." Akainua pasipoti yake, aliyorudishiwa ili aondoke. "Ona sasa. Mimi wala sikuomba kwenda nyumbani."

Jumamosi ikafika, Bungoma wakazika. Metrine aliletewa picha kwenye simu: jeneza, viatu vya wajomba, udongo mwekundu. Justus aliketi kando yake. Kile kitabu alikisoma hadi mwisho. Mfalme aliwaahidi uhuru, wakatawanyika, kisha akazifuta ahadi zake na viongozi wao wakauawa. Justus aliyajua hayo yote. Alidhani tu ni mambo ya watu wa kale.

Pasipoti bado imo kabatini, na Metrine anataka walau akaone kaburi. Inuka. Nenda naye leo, kabla ofisi haijafungwa, na ukifika usimwite mtu baba. Mwambie Arbab: umeifungia wewe, ifungue sasa hivi.