Winchi Atupa kwa Chini

Miaka kumi na sita tangu astaafu mpira wa kikapu, Winchi bado alikuwa hawezi kununua sabuni kwa amani. Hata waliozaliwa baada ya fainali zake walimsimulia fainali hizo kwa kujiamini, na yeye mwenye mechi zake hakupata nafasi ya kuwasahihisha. Kwenye stoo ya hospitali, alikokuwa mtunza stoo, wauguzi waliwaleta jamaa za wagonjwa wampige picha akishusha maboksi ya rafu ya juu bila ngazi. Alishusha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia, ule uliofunga pointi zote zile, bega lilikuwa limegoma na haukupita sikio.

Ndipo klabu ikatuma barua: jezi yake itatundikwa darini kwa heshima Jumamosi, wakati wa mapumziko ya mechi, na mwenyewe atatupa mtupo huru mmoja, ule wa kusimama mstarini bila kuzuiwa, mbele ya watu.

"Dada, sema una udhuru," mdogo wake alimsihi. "Punga mkono, ukae. Watu wana picha yako nzuri kichwani, usiwaharibie."

"Kupunga mkono ni kazi ya wageni rasmi."

Wiki nzima, saa ya chakula cha mchana, alijifungia stoo akilenga pipa kwa mabunda ya bandeji. Kila alipotupa kwa juu, patupu. Siku ya nne, kwa hasira tu, alitupa moja kwa chini, mikono miwili katikati ya magoti. Likaingia. Akatupa kumi, yakaingia tisa.

Mdogo wake alipoonyeshwa alishika kichwa. "Hivyo wanatupa watoto wa chekechea! Watakucheka, dada."

"Wacheke. Mimi nilikuwa nahesabiwa pointi, sio mapozi."

Maneno hayo yalikuwa rahisi stoo. Jumamosi, ukumbi umefurika mpaka kwenye ngazi, alisimama kwenye mstari, akakunja magoti, akaushusha mpira. Jukwaani mtu akapaza sauti, "Jamani, anachota maji!" Kicheko kikaenea. Uso ulimwaka. Aibu ilimshika kwelikweli, akaanza kuupandisha mpira kifuani ili atupe kama zamani, akose kwa heshima. Bega likamchoma. Hapana bwana, akajisemea, mimi nimekuja kufunga.

Akaushusha tena, akatupa. Mpira ulipanda taratibu, ukatumbukia wavuni bila kugusa chuma.

Ukumbi ulilipuka. "Tena! Tena!" Akafunga wa pili, wa tatu, wa nne. Mdogo wake alikuwa amepanda juu ya kiti, anamuuliza yule mchekaji kama ndoo imejaa. Refa akatazama saa, akauokota mpira, na kila mtu akajua shughuli imekwisha. Badala yake refa akamrushia Winchi. Akafunga na huo.

Sekunde tisa kabla ya mechi kuisha, klabu ikiwa nyuma kwa pointi moja, nahodha wao alipewa mitupo huru miwili. Binti huyo alikuwa amekosa yote minne ya kipindi cha kwanza. Alisimama kwenye mstari, akamtafuta Winchi kwa macho kule jukwaani, kisha akakunja magoti na kuushusha mpira. Safari hii hakuna aliyecheka. Wa kwanza uliingia. Wa pili ulizunguka chuma, ukasita, ukaingia, na Winchi akajikuta anapiga yowe ambalo hakuwahi kulipiga kwa kikapu chake mwenyewe hata kimoja.