Lango Ambalo Hakulichora

Karatasi ilikuwa ya tano, na mtu yule alikuwa amefika darajani.

Mwalimu, jina lililomganda tangu enzi za kufundisha uchoraji shuleni, aliiweka brashi chini. Rangi ya maji, kwa jinsi alivyozoea kuitumia, haina nyeupe. Kila cheupe ni karatasi iliyoachwa kavu kwa makusudi. Naye hakuwa ameacha kitu. Aliilowesha karatasi nzima, akaachia kijani na buluu vitambae vyenyewe, lakini baka moja lenye mabega na kofia likakataa maji katakata. Siku ya kwanza lilikuwa kando ya bwawa la bustani. Halafu chini ya miti, kwenye kona ya njia, kwenye benchi. Alipoinua macho kulitazama daraja lenyewe, hapakuwa na mtu.

Nyumbani, mumewe alikuwa akimngoja. Miaka thelathini alikuwa mtunza bustani ile, na kila jioni ndiye aliyefunga lango. Sasa miezi minne ilikuwa ikiisha akiugua kitandani, bila miguu yake kugusa sakafu. “Kama siwezi kwenda, niletee bustani yangu hapa,” ndivyo alivyomwomba mkewe.

Mwalimu aliiegemeza picha kwenye magoti ya mzee wake.

“Leo nimefika darajani,” mzee alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa. “Jana pale kwenye benchi nilipumzika vizuri.”

Habari za baka lile Mwalimu hakuwa amemwambia mtu. Siku ya benchi mzee alikunywa supu nusu kikombe. Siku hii ya daraja alilowesha midomo tu. Na baada ya daraja, jamani, kuna nini tena? Njia fupi, kisha lango. Alimpenda mno mzee huyu, hakuwa tayari kumpoteza.

Kesho yake akapiga moyo konde. Alichora bustani bila lango, akaizungushia ua wa majani ya kijani kibichi pande zote. Baka likajitokeza mbele ya ua, limeukabili. Alilimwagia rangi mara tatu, na mara tatu rangi ikalikwepa. Akakunja vifaa vyake akaondoka harakaharaka, bila kugeuka nyuma.

Mzee aliufuata ua pichani kwa kidole.

“Mwalimu, lango liko wapi?”

“Majani yamelifunika.”

“Majani hayo nimeyakata mimi miaka thelathini. Unamdanganya nani?”

“Sikulichora, mume wangu. Sitaki.”

Hakukasirika. Alifumba macho, akashusha pumzi. “Tangu asubuhi nauzunguka ua. Miguu inaniuma.”

Mwalimu alifunua blanketi. Nyayo za mumewe zilikuwa zimetapakaa vumbi jekundu la njia ya bustanini, na katikati ya vidole viwili kulikuwa na jani bichi la ua. Aliketi ukingoni mwa kitanda akalia, na mzee akamwacha alie mpaka akamaliza.

Kisha Mwalimu akaleta maji safi, brashi na kitambaa. Rangi ya maji ikishakauka bado huweza kubembelezwa itoke: unailowesha, unaisugua taratibu, unaikandamiza kwa kitambaa. Kijani kilianza kufifia kwenye ua. Uwazi ukatokea.

“Upana unatosha?” aliuliza.

“Ongeza kidogo. Lina mabawa mawili, umesahau?”

Akaongeza.

“Hapo sawa.” Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka sana. “Basi nisindikize. Si mbali.”

Mwalimu alichovya tena brashi kwenye maji safi. Alijua pa kuiweka. Akaisugua rangi mpaka likatokea baka jingine dogo, lake mwenyewe, bega kwa bega na lile la mumewe, upande huu wa lango.